Damu Yangu na Pembe za Mastura

Jumatatu, 14 Machi 1955
Nimetolewa damu hospitali. Kisa? Kizunguzungu kidogo tu nikitwanga, basi Sabiha kaniburura. Mjukuu huyu! Anaolewa mwezi ujao, tayari anajiona mama mkwe. Nimekwenda ili anyamaze. Harusi tarehe saba, kungwi wake ni mimi, na hakuna wa kuniweka kando.

Jumatano, 16 Machi
Majibu. Daktari Eliudi, kijana wa Kibondei, shikamoo yake nzuri, kucha safi. Kasema damu ina chembe ndogo ndogo za kuziba jeraha. Mtu mzima hazizidi laki nne. Mimi ninazo laki sita! Nikamwambia kwetu hatujapata kupungukiwa na kitu. Kacheka. Ati si ugonjwa wenyewe, ni ishara: hupanda mtu akiwa na homa, au uvimbe wa ndani, au damu ikipotea mahali. Una kidonda, bibi? Unatoka damu? Swali gani hilo kwa mtu mzima! Nikamjibu sitoki damu popote. Atapima tena. Zikipanda, Dar es Salaam kwa mabingwa. Dar! Na harusi?

Ijumaa, 18 Machi
Kilichozidi kipunguzwe. Hesabu hiyo haitaki shule. Nimekwenda kwa Mastura, kungwi mwenzangu. Kila mwezi hunichanja mgongoni, akapachika pembe zake, akavuta damu chafu. Leo nikamwambia ongeza pembe, vuta sawasawa. Shoga, utabaki ngozi! Nikamwambia vuta, maneno kaweke. Nimetoka mwepesi kama unyoya. Njiani nimekaa chini kidogo — jua tu.

Jumanne, 22 Machi
Pembe tena. Sabiha kauliza mbona midomo imekuwa myeupe. Nimemwambia akaangalie midomo ya mchumba wake.

Jumatano, 30 Machi
Naandika hapa hapa hospitali, nimekaa juu ya kitanda cha kupimia. Laki nane! Nikamwambia Eliudi darubini yake ina vumbi, ahesabu upya. Kahesabu. Nane. Tena damu yenyewe imepungua, imekuwa maji maji. Ati mwili ukipoteza damu huzitoa chembe hizo kwa fujo, kama paa likivuja, kila mtu anakimbia na kuti lake. Sasa damu yako inakwenda wapi, bibi? Nisipopajua, kesho unapanda basi.

Nikavuta kanga kufunika mabega, kama mwizi. Mimi!

Sabiha, aliyenifuata mpaka ndani, hajaulizwa, kadakia: Daktari, mwangalie mgongo.

Msaliti! Na huyu ndiye wa kumfunda!

Wametoka nje nivue kanga. Mgongo unawasha, chale za juzi hazijakauka. Nikivua, Eliudi atacheka mpaka Muheza wamsikie. Nisipovua, basi — Dar, na mahali pangu harusini atakaa nani? Mastura! Aliyenikamua mwenyewe!

Anagonga. Tayari, bibi?

Nimemwambia angoje, fundo la kanga limekaza.

Halijakaza hata kidogo.