Simbilisi Wako Hawanipigii Mluzi

Shoga yangu Mama Gaudensia,

Salamu ya kukupa siijui. Wewe ulikuwa wa Tumsifu Yesu Kristo, mimi wa Asalamu aleikum, tukakutana katikati kwenye "umeshindaje" tukiwa tumeegemea ua. Basi, umeshindaje huko? Mimi nimeshinda vibaya.

Nakuandikia habari za simbilisi wako. Najua unacheka. Mimi mwanamke wa Tanga, niliyekuja Ruhuwiko kumfuata mume mwalimu, siku ya kwanza kuingia jikoni kwako nikaona vinyama vimezagaa karibu na mafiga, nikapanda juu ya kigoda nikipiga kelele panya, panya! "Panya gani asiye na mkia, Mama Zuhura? Keti, hawa ni mboga." Ukanitania kwa hilo miaka yote, hata mbele ya padri. Wala sikuwahi kuwala. Ila tangu Mwalimu afariki, chai yangu ya jioni niliinywea pale, miguu juu ya kigoda, wao wakipita chini.

Ulipoondoka, mahindi yalikuwa yanakauka shambani. Kwenye matanga tulipikia nje kwa masufuria makubwa, jiko lako likapoa, wanawake wakalala mle na mabegi yao. Simbilisi wengine walidakwa wakawa kitoweo, na shemeji yako akaondoka na gunia linalochezacheza. Mimi jirani tu, ningesema nini?

Kisha Gaudensia akalibomoa jiko, maana nyumba imepangishwa na wapangaji wanapikia gesi. Nyuma ya kuni za mwisho akamkuta yule jike wa kahawia mwenye baka jeupe usoni, tumbo limejaa. Kabla hajarudi Dar akaniletea kwenye beseni, kamfunika kwa khanga yako ya njano. Akasema ulimwambia kwamba siku ukiondoka, watakaobaki ni wangu, nipende nisipende. Mwanamke wewe! Nilicheka, halafu nikalia mpaka Gaudensia naye akaanza upya.

Nilimwekea boksi jikoni kwangu. Unanijua mimi na sakafu. Nilidekia sabuni kila asubuhi, nikambadilishia nyasi kama shuka za mgeni. Akazaa watatu. Shoga, walitoka na manyoya yao, macho wazi, na punde si punde mmoja akawa anatafuna ukoka! Nikatoka mbio kuja kukuita. Nimefika kwenye ua ndipo nikakumbuka.

Lakini walikuwa kimya. Kwako, ukianza tu kunoa kisu kwenye lile jiwe la mlangoni, matembele ya kuwakatia hata hujayashika, jiko zima lilipiga mluzi. Kwangu nilinoa kwenye ngazi ya saruji, nikakata, nikaita kwi kwi kama mtu aliyechanganyikiwa. Mama yao ananitazama tu.

Jioni moja mpangaji wako, binti mpole, mumewe mtumishi wa serikali, akanoa kisu chake kwenye jiwe lile lile. Yule jike akainuka ndani ya boksi akapiga mluzi. Akapiga, akapiga, uso kauelekeza ukutani, upande wa kwako. Na mimi nikaweka kikombe chini, nikasimama. Sote wawili tulidhani ni wewe.

Nilimwonea huruma. Asubuhi nikamkatia ukoka mwingi, laini, umande bado unadondoka, nikidhani nampa kitu kitamu. Wewe majani uliyalaza kwanza juu ya kuni yakanyauka. Niliyaona kila siku na sikuuliza kwa nini. Nilifikiri ni uvivu wako. Tumbo likamfura. Adhuhuri alikuwa amekwisha.

Wakabaki wale wadogo na baridi hii ya Songea, juu ya saruji yangu safi. Nikapanga mawe matatu ndani ya jiko nililolipaka rangi, nikawasha kuni. Ukuta umekuwa mweusi. Zuhura akipiga simu analalamika kwamba nitajichoma moto kwa ajili ya panya. Namjibu: panya gani asiye na mkia?

Walisogea kwenye majivu, wakala matembele niliyoyanyausha, jani moja moja kutoka vidoleni mwangu. Siku chache nikaamini wataishi. Halafu wa kwanza akaacha kula, na wa pili akamfuata. Amebaki mmoja, mdogo kuliko ngumi yangu, mwenye baka la mama yake. Ulikuwa ukisema simbilisi hakai peke yake, hujikunja tu mpaka afe. Nimekwenda mpaka Mshangano kumtafutia mwenzake. Niliyempata akamng'ata sikio, nikamrudisha. Sasa anajikunja. Jana alikula jani zima, leo nusu.

Leo nimemwomba yule binti lile jiwe. Ameshangaa, lakini amenisaidia kulibeba. Nimeliweka mlangoni kwangu, nikanoa kisu taratibu, kama wewe. Mdogo hakuinua hata kichwa. Angeinuaje? Kazaliwa wewe hupo. Katika nyumba hii anayeijua sauti ile ni mimi peke yangu.

Sitakudanganya, shoga. Huyu hataishi. Jiko lako lote, moshi wake, makelele yake, na sisi wawili tukiwasema watu, limekwisha, limebaki hili donge la manyoya kwenye majivu, nalo linaniaga. Nimechoka kuzika. Nina hasira na wewe pia, uliniachia kazi usiyonifundisha.

Lala salama, Mama Gaudensia. Mungu wako na wangu ni mmoja, akupokee vizuri. Nakuahidi jambo moja tu, sina jingine. Kila jioni, wakati uleule wa kwako, nitanoa kisu. Mdogo akiwepo nitampa majani yaliyonyauka. Asipokuwepo nitanoa hivyo hivyo, na wa kusimama akidhani ni wewe nitakuwa mimi.

Jirani yako,
Mama Zuhura