Mtu wa Kumi na Mbili, Kisiwa cha Kanyonza

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Kibondo
Tarehe: 18 Aprili 2025, Ijumaa Kuu
Muda wa kuanza: saa 1:25 asubuhi
Jina: Stanislaus Ndihokubwayo
Umri: miaka 47
Kabila: Mha
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: fundi mwashi na mkulima
Makazi: Kitahana

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Kabla ya kuanza nilimwomba afande boti iwashwe kwanza, maelezo yafuate. Amenijibu kwamba boti haitumwi bila kujulikana inamfuata nani na wapi. Basi nitasema haraka, na yeye aandike haraka.

Kwenye kisiwa cha Kanyonza, katikati ya mabwawa ya Mto Malagarasi, kuna binti yuko peke yake na maji yanapanda. Anaitwa Reine Mulenda, miaka 22, Mkongo, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Aliyemwacha huko ni mimi.

Kanyonza ni kisiwa cha wavuvi, kaya tisa hivi. Masika ikikaza wanahama, wanarudi mwezi wa Sita. Mwaka jana walituomba tuwajengee kigango, maana hata wakifiwa wanasalia chini ya turubai. Mimi ndiye msimamizi wa mafundi wa kujitolea wa parokia yetu. Tulipandisha kuta mwezi wa Tisa. Saruji iliishia kozi ya tano ya matofali, nikaamuru tuendelee kwa udongo. Kwetu Kitahana nyumba nyingi ni za udongo na zimesimama toka enzi za babu zetu. Lakini Kitahana ni mlimani. Nilijenga kisiwani kama mtu wa mlimani, na hilo liandikwe.

Mnamo tarehe 7 Aprili 2025, siku ya Jumatatu, saa 12:30 asubuhi, tulitoka Kitahana kwenda kuezeka, ili Misa ya Pasaka isaliwe chini ya bati. Aliyetuvusha ni Omary, mfanyabiashara wa samaki wa Kasulu mwenye mitumbwi. Aliniambia, "Mzee Stani, maji haya si ya kuchezea. Subirini wenyewe warudi." Nikamjibu kwamba Pasaka haisubiri wavuvi. Watu walicheka, nami nikajiona nimesema la maana.

Orodha yetu iliyogongwa muhuri ofisi ya kijiji ilikuwa na majina kumi na moja. Reine alikuwa wa kumi na mbili na hakuandikwa, kwa sababu hana kibali cha kutoka kambini. Tangu Januari alikuwa anaishi kwangu, akimsaidia mke wangu kukaanga maandazi ya mnadani. Kupiga lipu alijifunza kambini, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa mafundi wangu wengi. Niliwahi kuwaambia hivyo, wakanuna siku nzima. Mimi ndiye niliyemwambia twende naye. Yeye aliuliza mara mbili kama hakuna shida, na mara zote mbili nilisema hakuna.

Kazi ilikwenda vizuri hadi Jumapili ya Matawi. Jumatatu tarehe 14 mvua ilinyesha kutwa. Jumanne asubuhi sehemu ya kufungia mitumbwi ilikuwa haionekani, na banda la jiko lilikwenda na maji pamoja na unga wetu. Saa 5:00 asubuhi nilipanda juu ya kenchi za paa, ndiko mtandao unakopatikana, nikampigia katibu wa parokia. Akasema boti ya doria ya askari wa wanyamapori itatufuata kesho yake.

Tarehe 16 Aprili, Jumatano, saa 9:00 alasiri, tulisikia injini. Reine alipoona sare za kijani alinishika mkono. Aliniambia, "Papa Stani, siko na papie. Bakiniona batanikamata, na dosie ya mama itakufa." Mama yake, Marguerite, yuko Nyarugusu, amengoja miaka sita faili lake la kuhamia nchi nyingine lijibiwe. Kama kweli faili linakufa kwa jambo hilo sijui. Najua kwamba ndivyo wanavyoogopa kule.

Nilimwambia, "Ingia kwenye matete, mwana wanje, mwanangu. Kesho Omary atakufuata." Nilimpa turubai, kiberiti na kopo moja la unga lililokuwa limebaki. Nikamwambia maji yakimzidi apande juu ya kenchi. Alikwenda bila kubisha. Aliniamini, kwa kuwa nyumbani kwangu alizoea kuona nikisema jambo linakuwa.

Askari mmoja mrefu alisoma orodha, kila mtu akaitika. Akasema, "Kumi na mmoja, mmetimia. Kuna mwingine?" Nikasema, "Hakuna." Wenzangu kumi walinisikia, na kila mmoja alitazama miguu yake. Majina yao mnayo, lakini neno lile lilikuwa langu, wasisumbuliwe. Yule askari hana kosa. Aliuliza kwa upole, na boti ilikuwa na nafasi. Tulisafiri saa mbili na nusu, na nafasi ile ilikuwa mbele ya magoti yangu.

Jana, Alhamisi tarehe 17, Omary aliondoka saa 12:00 asubuhi na wapiga kasia wawili. Alirudi saa 8:00 mchana, viganja vimechubuka. Alisema mafunjo yameng'oka na kuziba njia, na mkondo umekuwa mkali, mtumbwi wa kasia haupiti. Aliona bati la kigango kwa mbali. Mtu hakumwona.

Afande ameniuliza kwa nini sikuja jana ile ile. Tangu saa nane nilikaa nyumbani nikitafuta namna ya kumwokoa bila kusema kwamba nilidanganya. Namna hiyo haipo. Jioni mama yake Reine alipiga simu kumtakia binti yake Pasaka njema. Mke wangu akamwambia amelala. Alfajiri nilikuta ameniwekea viatu mlangoni.

Sasa naomba hesabu hii iandikwe vizuri. Jumatano maji yalikuwa kozi ya pili. Yalikuwa yanapanda kozi mbili kwa siku, na mvua haijakatika. Leo yatapita kozi ya tano, na kuanzia hapo ni udongo mtupu. Ukuta wa udongo ukilowa chini hautoi taarifa. Unakaa chini mara moja, na kenchi zinaufuata. Mimi nilimwambia apande kwenye kenchi. Nimekuwa fundi miaka ishirini na tano, afande, nikamwelekeza mtoto wa watu kwenye paa ambalo najua litaanguka.

Afande ameniuliza kama naelewa kuwa kumdanganya askari ni kosa. Naelewa. Niwekeni ndani, sina ubishi, ila baada ya kurudi, maana njia ya kuzunguka mafunjo kwa upande wa kaskazini naijua. Na jambo la mwisho, ambalo ndilo kubwa. Msiende na sare. Akiona sare atazidi kuingia ndani ya matete, kwenye kina. Akisikia filimbi atanyamaza. Nilimfundisha mimi kujificha, na ni mtu anayeshika anachofundishwa. Aitwe kwa jina lake, na aitwe na mtu asiyemtisha. Naogopa, afande. Naogopa tutafika na hatutaitikiwa.

Niliyoyasema ni ya kwangu, sikulazimishwa na mtu. Nimesomewa kwa sauti nikayakubali. Mkitaka sahihisheni herufi, maneno yaacheni, na tuondoke.

Sahihi ya shahidi: S. Ndihokubwayo

MAELEZO YA ASKARI: Mimi WP Koplo Asia Hilali nimeandika maelezo haya kwa usahihi, nikamsomea shahidi kwa lugha ya Kiswahili anayoielewa. Yamekamilika saa 2:05 asubuhi. Mkuu wa kituo ameidhinisha boti ya injini, inajazwa mafuta. Shahidi anakwenda nasi kuonyesha njia. Uamuzi kuhusu kosa lake utafanyika tukirudi. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, sare yangu nimeiacha kwenye kabati la zamu. Nimeazima kitenge cha mama lishe wa hapa nje.