Nyumba ya Wafula

Alhamisi, Misikhu

Bosi hakuuliza leo wamesema nini mkutanoni. Tangu wafanyakazi wa reli wagome nimejifanya mmoja wao, na kila nikienda Kitale kuripoti, yeye hutaka maneno yao tu. Leo aliuliza kitu kimoja: "Wafula analala wapi?"

Nikamwambia. Nyumba ya mabati mekundu nyuma ya kanisa. Nilisema haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani.

Niliporudi Bungoma, Wafula alikuwa akiningoja stesheni. Yeye ndiye anaongoza mgomo. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, akapelekwa hospitali ya Lugulu, naye alikuwa anamfuata.

"Ndugu yangu, leo ulale kwangu na watoto," alisema. "Wewe ndiye naamini, bana."

Sikuweza kukataa. Nilimpigia bosi, nikamwambia Wafula hayuko, kuna watoto tu. Akanijibu:

"Watu wameshatumwa. Wewe usikae hapo."

Akakata.

Watoto walikuwa wanakula ugali. Niliwaambia wavae sweta, tunaenda kwa nyanya yao hapa Misikhu. Yule mkubwa akauliza, "Si baba alisema tulale nyumbani?" Nikamshika mkono tu, tukatoka.

Wafula amepiga simu sasa hivi. Majirani wamemwambia nyumba inawaka. Alikuwa analia, akinishukuru, ati Mungu ndiye alinituma.

Hajaniuliza bado nilijuaje.