Siku Babu Alipokimbia Kwenye Barafu

Mjukuu wangu Neema,

Huku ugenini Plano tu wazima, ila nyumba iko kimya tangu tumzike babu yako. Umeniuliza kwa nini nchi yetu hushindwa kwenye michezo ya majira ya baridi. Kweli, hatuna theluji. Lakini mimi humkumbuka shangazi yako Wairimu.

Alikuwa msichana mdogo, akishindana kuteleza kwenye barafu kwa kufuata muziki hapa mjini. Tulikwenda kanisa zima kumshangilia. Katikati ya muziki akaanguka. Kwetu, nani humwacha mtoto chini mbele za watu? Babu yako akaruka kizuizi cha uwanja akiwa na viatu vyake vya Jumapili, akateleza, akatambaa mpaka kwa binti yake, akamwinua. Waamuzi wakazima muziki. Wazazi wengine walikuwa wameketi tu. Wao walikulia kwenye barafu, wanajua mtoto huachwa ainuke mwenyewe. Sisi tungefundishwa na nani?

Garini Wairimu alisema, “Baba, nilikuwa nainuka.” Hakurudi tena kwenye barafu.

Siku yake ya mwisho, babu yako alijaribu kuketi kitandani. Wairimu hakungoja. Alimkimbilia, akamwinua.

Nyanya yako