Majivu Yasiyotupwa Migombani

Kaka yangu Hoza,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini ndivyo tulivyolelewa, siwezi kuanza na neno jingine.

Naiandika barua hii wazi, asome atakayesoma, kwa sababu zile nilizozifunga kwenye bahasha zimerudi. Ya mwisho karani wa posta pale Lushoto mjini alinikabidhi mkononi, akanitazama kama mtu anayetoa pole ya msiba. Mradi wenu umefungwa, hilo nalijua. Lilitangazwa redioni, maneno machache tu kabla ya bei za mazao. Wewe umehamia wapi, redio haikusema. Basi kama kuna msomaji anayemjua Mshambaa mmoja mrefu, mhandisi wa vinu vya nyuklia huko nchi za kusini, anayepiga chafya kila akila pilipili na bado anaila, namwomba ampitishie haya. Ni kaka yangu. Sina mwingine.

Huku kijijini, juu ya Kwai, ni pale pale. Ukungu unaingia jikoni bila hodi, na asubuhi navaa ile sweta yako ya kijivu, hata usiniulize nani alinipa ruhusa. Bado napika viazi vya kulisha watu watatu. Nikila vinabaki, na vikibaki nakasirika, kisha namrushia mbuzi. Nikirudi kutoka zahanati sina wa kumwambia leo tumepokea mtoto gani. Namwambia mbuzi pia, lakini yeye hajali.

Unakumbuka koroboi letu? Mama alikuwa ametutoka mapema, baba hakujua kusoma, kwa hiyo kile kimwanga kilikuwa chetu wawili. Wewe ulikisogeza kwenye vitabu vyako vya fizikia, mimi nikakivuta kwenye madaftari yangu, mpaka baba anapiga kelele kwamba tutachoma nyumba. Asubuhi tulikwenda shule na pua nyeusi kwa moshi. Ulikuwa ukinifuta kwa mate, ukisema, "Subiri. Nitaleta taa isiyo na moshi." Wewe ulisahau, nadhani. Mimi niliisubiri kweli.

Likizo yako ya mwisho ilikuwa wakati ule wa mgao wa umeme. Mabwawa yalikuwa yamekauka na nchi nzima inalia giza. Sisi wa huku tulicheka kidogo, maana watu wa mjini walikuwa wanalilia saa chache za kitu ambacho sisi hatujawahi kukiona nyumbani kwetu. Soko huria lilikuwa limefunguliwa, gulio limejaa mitumba na redio za kanda na sabuni za kila rangi, malori yanashusha kabeji zetu Dar es Salaam kila siku. Ungeweza kununua chochote Lushoto isipokuwa umeme.

Alasiri moja tulikaa jikoni wote, na baba mdogo Singano alikuwepo, kwenye kigoda chake karibu na mlango. Baba alikuuliza unafanya kazi gani hasa, maana watu wanamuuliza naye hana jibu.

"Natengeneza kinu cha umeme, tate," ulisema, ukimwita baba kwa Kishambaa. "Cha kizazi kipya. Vile vya zamani vinataka maji yazunguke muda wote ili vipoe. Pampu ikifa, balaa. Hiki chetu kinapozwa kwa gesi, na mafuta yake ni mipira midogo kama machungwa. Joto likizidi, moto unapungua wenyewe."

"Unapunguaje bila mtu?"

Uliinama pale kwenye mafiga ukazivuta kuni, moja huku, moja kule. Moto ukalala. "Hivi. Sasa fikiria kuni zinazojitenga zenyewe kila zikizidi joto. Hata wahandisi wote tukikimbia, kinapoa."

"Yaani umesoma miaka yote hiyo," baba alisema, "ili utengeneze kitu utakachokikimbia."

Tulicheka mpaka baba mdogo akapaliwa na chai. Lakini mimi nilikuwa nimeshakuamini. Nilikuuliza ni kikubwa kiasi gani, ukasema si kikubwa, kimoja tu kingewasha Lushoto na Korogwe na kubakiza. Hakisubiri mvua. Hakitoi moshi. Mimi niliyekuwa naomba mafuta ya taa ya jokofu la chanjo kama naomba sadaka, mimi niliyempokea mtoto wa jirani huku bibi yake akinishikia tochi, unadhani ningesemaje? Nilisema kileteni kesho.

Na hukunidanganya, hilo nakushukuru mpaka leo. Ulisema ni ghali kupita kiasi na kwamba hakuna aliyewahi kuuza kimoja. Ulisema mawe yenyewe ya urani yapo hata huku kwetu, kusini mwa nchi, lakini tungeyauza mabichi na kununua mipira iliyokwisha tengenezwa, kama tunavyouza majani ya chai na kununua ya pakiti. Uliyasema hayo polepole, ukitazama chini. Nilijua unaipenda kazi yako na unaiogopea.

Ndipo baba alipochukua koleo la majivu, kama alivyofanya kila alasiri, ayapeleke migombani. Akasimama mlangoni.

"Na majivu yake?"

Ulizirudisha kuni mafigani. "Hayatupwi migombani, tate. Ni mabaya. Yanafungwa, yanazikwa ardhini, yanalindwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vitukuu vya vitukuu vyetu. Na zaidi."

"Na wewe umo katika kulinda?"

"Nimo," ulijibu. "Ndiyo kazi yetu."

Baba aliliweka koleo chini, majivu yakiwa bado juu yake. Mimi niliona amechoka.

Kwa msomaji asiyetujua, lazima nieleze kidogo. Ukoo wetu una kipande cha msitu juu ya nyumba, miti ya mbao iitwayo mikulo, mikubwa ya zamani, na chini ya mmoja wao limezikwa fingo: chungu cha dawa alichokizika babu wa mababu ili nchi isidhurike. Halichimbwi, halikatiwi mti, halikaribiwi na mtoto. Kila mwaka kabla ya masika mlinzi anafyeka mpaka kuzunguka msitu ili watu wajue pa kuishia. Baba aliswali swala tano na alifyeka mpaka, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Mlinzi ni mtoto wa kiume wa kwanza. Na mlinzi halali mbali na fingo lake. Hiyo ndiyo sheria yake kubwa.

Asubuhi iliyofuata baba alikupeleka kule juu peke yenu. Uliporudi suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Ulinisimulia huku unakausha viatu motoni. Amenimwagia maji miguuni, ulisema, akaongea Kishambaa cha zamani ambacho sikukifuata, akaniambia nishuke nisigeuke nyuma. Tulikubaliana kwamba ni baraka za safari. Ukapanda gari la Mombo na kweli hukugeuka. Mimi nilipunga mkono mpaka gari likapotea kwenye kona, nikabaki nimeuinua bure.

Kisha baba akafa. Mimi nilikuwa Tanga kwenye mafunzo, na kwa desturi yetu hatumcheleweshi maiti. Nilifika nikakuta kaburi limefunikwa na wanaume wako matangani. Nikauliza nani amempigia simu Hoza. Baba mdogo akasema, "Baba yenu alikataza asiitwe." Nikauliza kwa nini. Akasema si mahali pa maneno.

Ulipopata habari ukapiga simu pale dukani, wakaja kuniita mbio. Hukunisalimia. "Ni kweli alisema nisiitwe?" Nikasema ni kweli, maana ilikuwa kweli na sikuwa na maelezo mengine ya kukupa. Nilisikia unavyopumua. Halafu ukasema, "Kumbe siku ile alinitoa kwenye ukoo. Yale maji. Usigeuke nyuma." Nikaita jina lako, ukawa umeshaweka simu chini. Hukupiga tena. Nami, kaka, niliamini ulivyoamini wewe. Nilimchukia baba kidogo, na ni vibaya sana kumchukia mtu ambaye unafagia kaburi lake.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo barua yenyewe inapoanzia.

Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara wa mbao. Siku hizi wanapanda huku kila wiki, na mkulo una bei. Alitaka miti yetu yote, akasema atalipa na atatuachia hata matawi ya kuni, mkarimu kweli. Nilimwambia mimi si msemaji, nikampeleka kwa baba mdogo. Baba mdogo akamjibu, "Mwenyewe ni Hoza. Hoza ana ulinzi kule."

Nikamuuliza ulinzi gani.

Alinitazama kama ninavyomtazama mama anayeleta mtoto zahanati bila kadi. "Si alisema mwenyewe, jikoni, na wewe ukiwepo? Watu wa kule wamezika kitu kibaya, na yeye ni mlinzi wao. Baba yenu alisema fingo la namna hiyo hajawahi kulisikia, la vitukuu vya vitukuu. Akasema mtu halindi pawili. Akamfungua huku kwa yale maji ili asigawanyike."

"Na kukataza asiitwe?"

"Mlinzi aache shimo wazi aje kutazama maiti? Angemwita angemvunjia heshima." Akakohoa, halafu akasema, "Alijivunia mwanawe sana yule mzee. Wewe hukuona? Mimi nilidhani mnajua."

Nilicheka, kaka. Nilikaa chini pale kwenye ua wake nikacheka mpaka yule mfanyabiashara akaondoka bila kuaga. Kisha nikalia kilio nilichokuwa sijalia matangani. Kwa sababu mimi najua jambo ambalo baba hakulijua. Uliniandikia mwenyewe, katika barua zako za mwisho kabla ya msiba, kwamba kinu chenu kimebaki michoro na zege kidogo, kwamba fedha zinakwisha kabla hamjawasha chochote. Hakukuwa na moto. Hakukuwa na majivu. Baba alikufa bila kukuona kwa ajili ya shimo ambalo halikuwahi kuchimbwa.

Sijui niwaze nini sasa juu ya vinu hivyo. Nasikia nchi nyingine hawajakata tamaa, vijana wanachora upya. Zahanati bado haina umeme, na siku jokofu likizimika bado nalaani kila mtu aliyeshindwa, na wewe umo. Nikiletewa kinu chako leo nadhani bado ningekipokea. Lakini tangu baba aondoke mimi ndiye ninayefyeka ule mpaka, kwa panga, jioni nikitoka kazini na nikiwa na gauni la kazi, na mwaka huu vijana wawili walipita wakaniuliza mama unafyeka nini hapo. Watoto wa humu humu. Niliwaeleza wakaitikia kwa adabu wakaenda zao, na niliona wazi kwamba wamesahau kabla hawajafika barabarani. Nikakaa juu ya jiwe nikakuwaza wewe na vitukuu vyako vya vitukuu. Nilitamani uwepo tubishane. Nilikuwa tayari hata unishinde.

Lipo jambo moja zaidi, na ndilo linalonifanya niandike haraka. Nimemuuliza baba mdogo aliyefunguliwa anarudije. Amesema maji yale yale humwagwa tena, mtu akiwa ameelekea nyumbani, kwa maneno yale yale. Maneno hayo anayajua yeye peke yake aliyebaki. Nimejaribu kumwomba anifundishe. Amesema si ya kufundishia mwanamke, nikamwambia fingo halijauliza bado anayelifyekea ni nani, akacheka, lakini hakunifundisha. Kifua chake kimeharibika. Nimemsikiliza kwa kifaa changu cha zahanati, na yale niliyoyasikia sikumwambia. Masika sijui kama atayafikisha. Akiondoka yeye, hapatakuwa na wa kukurudisha, na yule mfanyabiashara amesema atapita tena.

Usione aibu kuja mikono mitupu. Sikuulizi taa. Koroboi lile lipo, nimelifunga utambi mpya, na pua zetu zilikwisha zoea moshi. Shuka Mombo, panda gari lolote la kabeji linalorudi tupu, utafika na matope, nitakupigia kelele kwa ajili ya sakafu. Viazi vipo, vimekuwa vikibaki tangu ulipoondoka.

Baba hakukufukuza, Hoza. Alikupa ruhusa uende kazini. Kazi imekwisha. Rudi nyumbani.

Umbu lako, ninayekushikia panga