Siku Mize Aliposema Mbele ya Wanawake wa Konde

Wete, Jumatano, Mfunguo Tatu

Mvua ya leo haikuwa na adabu. Imenikuta juu ya lori natoka Konde, buibui limeroa mpaka magotini, na kanga yangu ya akiba nimeifunikia cherehani yangu, maana ikishika kutu tajiri wangu atanisema wiki nzima. Nimefika, nimebadilisha nguo, nimesali alasiri, nimekaa kitandani. Nje watu wanakimbizana kuanua karafuu. Humu ndani kimya. Daftari hili ndilo la kwanza kupewa habari, na sioni wa pili wa kumpa.

Mize amesema.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikasoma baadaye nisijielewe. Mimi nimeletwa Pemba kutoka Unguja na tajiri huyo, mwenye duka la cherehani hapa Wete, kuwafundisha wanawake kuuza nyumba kwa nyumba. Mwanamume hawezi kuingia uani kwa watu akawaonesha wake zao kushona, mwanamke anaweza. Kazi yenyewe si nzito. Unaingia, unaamkia, unaweka cherehani juu ya mkeka, unashona kigauni cha mtoto mbele ya wanawake huku unazungumza. Wakivutiwa, waume zao watasumbuliwa na wao wenyewe. Sasa hapo kwenye kuzungumza ndipo penye kazi. Nimepewa wanafunzi watatu, wote wananishinda kwa kushona, na wote ukiwaweka mbele ya watu watano wanatazama vidole vya miguu yao.

Mwezi wa kwanza walikuwa wakirudi na jibu moja tu: nyumba hazina watu. Mtambile hakuna watu. Konde hakuna watu. Niliwasema vibaya, Mungu anisamehe, niliwaita waongo. Pemba nzima imehamia wapi? Mwisho nikamfuata mmoja wao, Mize, nyuma nyuma. Nikamwona amesimama nje ya nyumba, moshi unatoka jikoni, watu wanacheka uani. Akapiga hodi. Lakini hodi ile alilipigia buibui lake, hata mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta sikuisikia, niliona midomo tu. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, kisha akajitwika cherehani yake kichwani akaanza kuondoka, moyo wake mweupe kabisa. Nilipomkamata akaniambia tumeamrishwa tubishe mara tatu, tusipoitikiwa turudi. Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani. Yeye akalia.

Hapo ndipo nilipompenda.

Mize ameachwa na mumewe. Anakaa kwa kaka yake, yeye na binti yake mdogo, na wakati wa kupakua chakula wifi yake huviweka vyungu chini kwa kishindo kidogo, kiasi cha kusikika tu. Mize anataka chumba chake. Anataka apike kwenye mafiga yake, mwanawe ale ashibe bila ya kutazamwa. Hana njia nyingine ila hii cherehani, na tajiri ameshatoa neno: asiyeweza kusimama akasema mpaka mwezi uandame, airudishe dukani.

Kumfundisha kulinishinda mwanzo. Nikimwambia paza sauti, anazidi kunywea. Mpaka siku moja kwenye arusi ya jirani nikasikia mtu anaimba chumbani kwa bibi arusi, mlango umefungwa, sauti imejaa nyumba nzima. Nikauliza nani huyo. Nikaambiwa Mize. Basi nikajua: huyu haogopi kusema, anaogopa kuonekana akisema.

Nikafunga kamba humu chumbani kwangu, nikatundika kanga, nikamweka nyuma yake na cherehani. Loo, maneno yalivyomwagika! Kila siku baada ya alasiri alikuwa akija, na kila siku nikiishusha kamba shubiri moja. Ikafika machoni. Akanyamaza siku mbili, nikaipandisha kidogo, nikaishusha tena. Ikafika mabegani, ikafika kiunoni. Tukimaliza somo tunakunywa kahawa, ananihadithia visa vya wifi yake kwa kumwigiza, nami nacheka kicheko ambacho sijakicheka tangu mume wangu afariki.

Sasa nikiri, kwa kuwa hapa hakuna anayenisikia. Kanga ile ilikwisha kufika chini siku nyingi. Mize alisimama hapo mbele yangu, macho kwa macho, akasema maneno yote tangu salamu mpaka kuaga, wala hakutetemeka. Nami nikamwambia, bado mwanangu, hujawa tayari.

Nikamwambia hivyo siku ya pili. Na ya tatu. Wiki mbili nimemwambia bado.

Nilikuwa nataka aje. Ndiyo hiyo sababu, sina nyingine ya kuipamba. Watu wa hapa wananiamkia vizuri, Bi Rukia umeamkaje, Bi Rukia kwema, watoto wananiita Bi Cherehani. Lakini nikifungua mdomo wanajua mimi wa Unguja, na miezi minane sijaambiwa na mtu pita ndani ukae, bila ya kazi wala arusi. Nimekuwa mtu wa kupita. Nikamwekea mwenzangu riziki yake rehani ili nipate wa kunywa naye kahawa. Na mwezi ulikuwa unakwisha, yeye haniulizi kitu, ananiamini.

Leo ilibidi. Zimebaki siku tatu mwezi uandame.

Tulikwenda nyumba yenye arusi, wanawake kiasi cha ishirini wamejaa uani wanachambua mchele. Mize akaweka cherehani, akaamkia, akaitikiwa. Akazungusha mkono wa cherehani mara mbili. Kisha kimya. Nikauona mkono wake umeganda. Nikaingilia. Ndivyo nifanyavyo siku zote, leo nimejiona: kimya kikikaa kidogo tu mimi nakijaza, nasema kwa niaba ya mtu, nasema vizuri, watu wanacheka, na aliyekuja kusema anabaki amekaa kama mzigo. Nikaanza kusifu cherehani, sindano yake, wepesi wake. Shangazi wa bibi arusi, mama mkubwa mwenye sauti nzito, akamtazama Mize akamuuliza kwa upole kama mimi ndiye msemaji wake.

Mize akaniinulia macho. Akasema:

"Bi Rukia, nakuomba unyamaze."

Sijapata kuambiwa hivyo maishani. Nikanyamaza. Masikio yaliniwaka moto.

Kile kimya kikarudi, kirefu, nikasikia mchele ukianguka kwenye ungo. Halafu akasema. Hakusema hata neno moja katika niliyomfundisha. Hakutaja sindano, hakutaja wepesi. Alisema Kipemba chake cha nyumbani, polepole, na macho yako kwenye kitambaa:

"Mie Idi ya mwaka jana mwanangu hakuwa na nguo. Kitambaa n'nacho, cha kumlipa fundi sina, na kumwendea mtu kumwomba sina uso. Mtoto kashinda ndani siku nzima, kanambia mama mie sitaki kutoka. Sasa namshonea mwenyewe. Ndo hayo tu niloyajua, wala sikufunzwa maneno mengine."

Kisha akazungusha mkono wa cherehani, na akashona. Kigauni kikatoka. Hakuna aliyechambua mchele. Yule shangazi akakichukua, akakipindua akaangalia ndani ya mshono, akakipitisha kwa mwenzake, nao wakaanza kuuliza, wote kwa pamoja, wakimuuliza yeye. Akawajibu mmoja mmoja. Wawili wamesema watazungumza na waume zao, na mke wa mudiri, yule mkubwa wa serikali wa hapo, ametaka aende kwake Jumamosi. Wakamzuia abaki mpaka Ijumaa awashonee nguo za arusi, binti yake atafuatwa kwa kaka yake. Akaniuliza kama nitaweza kurudi peke yangu.

Nikamwambia nitaweza, kwani Wete mbali?

Nilipotoka alikuwa ameshazungukwa. Namsikia mpaka barabarani akimwigiza wifi yake, na uani wanaangua kicheko. Kisa hicho nilidhani ni changu peke yangu.

Nimefurahi. Naandika tena nimefurahi, na machozi yananitoka, na yote mawili ni kweli. Atapata chumba. Kesho nitakwenda dukani nimwambie tajiri Mize ameiva, asiguse cherehani yake, na nitamwambia alikuwa ameiva tangu wiki mbili nyuma, kosa langu. Hilo naliweza. Kusema dukani sijapata kuogopa.

Ninaloliogopa ni jingine. Ijumaa Mize atarudi Wete, na hana tena sababu ya kuja hapa. Nataka nimwambie aje hivyo hivyo, baada ya alasiri, hakuna somo, tukae tu. Maneno hayajai kiganja. Nimesimama sasa hivi katikati ya chumba kuyajaribu, kama ninavyowasimamisha wao, mikono imeshuka, kidevu juu. Nikafika "Mize mwanangu, nakuomba uje," nikainama nikatazama vidole vya miguu yangu.

Mwalimu mzima, naona haya mbele ya ukuta.

Nitajaribu tena kesho. Mpaka Ijumaa nina siku moja.