Kamba ni Ile Ile, Dagaa Wameoza

Jumamosi. Jua limetoka kwa kusitasita, mchana mawingu yakajaa juu ya ziwa upande wa Sengerema, na mimi nina hasira tangu asubuhi. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, mikono bado inanuka samaki, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Dagaa wa Mama wameoza.

Siyo wote, lakini wengi. Wa juu walikauka vizuri. Wa chini walilowa, wakapondeka, wakaanza kunuka. Mama aliwachambua, kisha akamwita yule baba anayenunua chakula cha kuku. Mama yangu huyu, ambaye watu wanatoka Mirongo kuja kumuulizia kwa jina! Leo anauzia kuku, jamani.

Wacha nieleze, maana nikinyamaza nitapasuka.

Hapa mwaloni kwetu, mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, wanawake wana utaratibu wao tangu enzi za bibi. Kila anayeanika dagaa ana haki ya kamba moja. Kamba zote zina urefu sawa na zimefungwa ncha kwa ncha. Unaizungusha kwenye vigingi vinne, na mchanga ulio ndani ni wako, hakuna kugombana. Mama alikuwa na mraba wake katikati ya uwanja, hatua kumi kila upande, panapigwa jua mpaka jioni.

Wiki hii Mwenyekiti wa mwalo kaamua kwamba katikati pawe pa kugeuzia malori ya tajiri mmoja mwenye mitumbwi. Sisi tukasukumiwa kando ya uzio, kila mmoja kwenye ukanda mrefu mwembamba, hatua kumi na nane kwa mbili. Wanawake walipoguna, akachukua kamba ya Mama, akaizungusha kwenye vigingi vipya mbele ya watu wote. Ikaenea, haikubaki wala haikupungua. Akamgeukia Mama, akamwita mama kwa Kisukuma:

"Mayu, umeona? Kamba ni ile ile. Nani kapunjwa hapa?"

Watu wakaitikia kwamba kweli, hakuna aliyepunjwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba na mimi niliitikia. Mimi! Niliyesomea ualimu wa hisabati pale Butimba, ninayegeuza dagaa huku nasubiri ajira. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama ubaoni nikawaambia watoto mzingo ni kitu kimoja na eneo ni kitu kingine, na aliyechanganya nikamrudisha aanze upya. Halafu kamba inazungushwa mbele ya macho yangu, naona ni haki tupu.

Jana Mama akamwaga dagaa kwenye ule ukanda, ndoo zile zile za kila siku. Hawakuenea. Akawasambaza, akawasukuma, wakabaki wamelaliana. Leo asubuhi alipofunua akakuta uozo, hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Labda ni uzee, mwanangu. Hata kutandaza sijui tena."

Hapo akili ikanirudi, na hasira ikaja nayo.

Kumi kwa kumi ni mia. Kumi na nane kwa mbili ni thelathini na sita. Ukizunguka nje, kote ni hatua arobaini! Zaidi ya nusu ya mahali pa Mama imeliwa mchana kweupe, na hakuna aliyeikata kamba hata uzi mmoja. Na Mama anajilaumu mwenyewe! Hivi mtu anapata wapi roho ya kumfanyia mama mzima hivi?

Nikamfuata Mwenyekiti palepale uwanjani. Shikamoo nilimpa, sikulelewa hovyo. Nikaweka kamba ya Mama chini mbele yake, nikamwomba mwanamke mmoja ashike upande wa pili, tukaivuta mpaka nyuzi mbili zikalaliana mchangani, katikati hapapiti hata unyasi.

"Kamba ni ile ile, Mwenyekiti. Haya, ingia ndani uanike."

Wanawake waliangua kicheko hadi wengine wakashika mbavu. Yeye akanitazama juu mpaka chini. "Mwalimu usiye na shule, usije kutufundisha hapa." Kisha akasema ataliangalia, akaondoka zake kuyapungia mkono malori. Ataliangalia! Nimechoka na watu wanaoangalia tu.

Lile neno la mwalimu usiye na shule limenichoma, sitadanganya. Nimelirudia kichwani njia nzima. Lakini kikubwa ni kingine.

Mama hakucheka na wenzake. Alikunja kamba yake, akaitia kwenye ndoo, tukarudi nyumbani. Tulipofika hapa mlangoni akasimama, akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Kwa hiyo siyo uzee?"

"Siyo uzee, Mama. Umepunjwa."

Akashusha pumzi ndefu, akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Kisha akaniagiza nikamtafutie panga.

Sasa giza linaingia, na vigingi vinne vipya vimeegemea ukuta hapa ubavuni mwangu. Kavichonga yeye mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Alfajiri, kabla mitumbwi haijarudi, tutakuwa katikati ya uwanja, hatua kumi kila upande, na wenzetu nao wamesema watakuja na kamba zao. Malori yatajua pa kugeukia.